Tusiifukuze Mashine, Tumfundishe Mwenyewe



Mwezi uliopita palikuwa na baraza katika skimu yetu hapa Kinangop. Kazi yangu mimi karani ni kuandika yanayosemwa, wala si kusema. Niliandika habari za bei ya viazi, habari za josho, na habari za mfereji uliozibwa na mtu asiyejulikana. Kisha mzee mmoja akasimama, akaegemea fimbo yake, akaitaka kamati ipige marufuku pikipiki ya magurudumu manne ya kijana wa jirani yake. Alisema mashine ile inapiga kelele kama nyuki waliofungiwa debeni, inatisha ng'ombe wa maziwa, na imekula mali ya baba wa kijana. Watu wengi walipiga makofi. Kamati ikajibu kwamba itatoa uamuzi katika baraza lijalo.

Niliandika yote nisiseme neno. Lakini karani naye ana maoni yake, na kwa kuwa barazani sikuwa na ruhusa ya kuyatoa, nayatoa hapa. Nasema hivi: mzee yule alisema kweli katika mambo matatu, akakosa katika la nne. Kelele ni kweli, hofu ya ng'ombe ni kweli, na mali kupotea ni kweli. Kosa ni ile dawa aliyotaka tuitumie.

HABARI ZA KIJANA

Kijana huyo alipewa na baba yake mitamba wawili ili aanze maisha. Akawauza, akanunua pikipiki ya magurudumu manne iliyokwisha kutumika, aina ya Yamaha Blaster. Hiyo si mashine ya kuvuta mkokoteni. Ni mashine ya mchezo, ya kukimbia mchangani na kuruka matuta, iliyotengenezwa tangu 1988 hadi 2006 na kuuzwa zaidi Marekani. Silinda yake ni moja, upana wake milimita 66 na mwendo wa pistoni milimita 57, jumla sentimita 195 za ujazo. Inapozwa kwa upepo. Ndugu yake mkubwa, Yamaha Banshee, alikuwa na silinda mbili zilizopozwa kwa maji, akaanza 1987. Wote wawili injini zao ni za mipigo miwili, zile mafundi wanazoziita tu-stroki.

Mwanzoni kijana alikwenda vizuri. Asubuhi alipeleka mkebe mmoja wa maziwa, jioni alizunguka na rafiki zake. Baadaye akasikia kwamba ukiweka bomba la moshi lenye tumbo kubwa, na ukiondoa kifuniko cha sanduku la kichungio cha hewa, mashine hupata nguvu mpya. Hakuwa na fedha za kutosha. Basi akaja kwangu, nami nikamkopesha.

Naandika jambo hili waziwazi kwa sababu barazani nilikaa kimya wakati baba yake akilaumiwa peke yake. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo. Nilijua kusoma kitabu cha mashine, na kitabu kile kilikuwa mezani mwake. Sikukifungua. Nilimpa fedha, nikamwambia, "Haya, tuone mbio zako."

Aliweka bomba jipya, akaondoa kifuniko, lakini kabureta hakuigusa. Jumapili moja akateremka nayo Naivasha. Huko chini palipo tambarare akafungua moto wote, akaushikilia hivyo kwa muda mrefu. Pistoni ikashika ndani ya silinda, magurudumu ya nyuma yakafunga ghafula, naye akatupwa mbele. Mfupa wa bega ulivunjika. Mashine ilirudishwa juu ya gari la kabichi.

Watu wakasema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sababu hizo zaweza kufundishwa darasani. Ndiyo maana sikubaliani na dawa ya kupiga marufuku.

INJINI HII HULA NA KUJIPAKA MAFUTA KWA MDOMO MMOJA

Injini ya gari au trekta ina oili yake chini, ambayo husukumwa kila mahali na pampu, kisha hurudi chini tena. Injini ya mipigo miwili haina akiba hiyo. Petroli, hewa na oili huingia pamoja katika chumba cha krenki, hupaka beringi na kuta za silinda, kisha huchomwa na kutoka kama moshi. Krenki ikizunguka mara moja, moto huwaka mara moja, wakati injini ya mipigo minne huwasha mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ndogo kama hii hupata nguvu nyingi, lakini pia hupata joto jingi. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 kwa kila sekunde moja. Oili ikikosekana kwa dakika chache tu, mali imekwisha.

Hapa pana tofauti inayowaponza watu. Blaster ina tangi dogo la oili na pampu inayochanganya yenyewe. Banshee haina; oili ni lazima ichanganywe na petroli kabla ya kutiwa tangini. Mtu aliyezoea ya kwanza akipewa ya pili, akatia petroli tupu, ataiua siku hiyo hiyo. Tena, mwenye Blaster aliyesahau kutazama tangi la oili kabla ya kutoka nyumbani, hali yake ni ile ile.

Wengine huondoa pampu ya Blaster na kuchanganya kwa mkono. Si vibaya, mradi mtu awe na kipimo na asiende kwa kukisia. Fuateni kitabu cha mashine yenu. Wachanganyaji wengi wa mashine hizi hutumia sehemu 1 ya oili kwa sehemu 32 za petroli, na misumeno mingi ya injini hutumia 1 kwa 50. Kwa lita 5 za petroli, kipimo cha kwanza ni mililita 156, na cha pili ni mililita 100. Ukikosa chombo cha kupimia, chupa ya soda ya mililita 300 yatosha: chupa moja kwa lita 10 ni karibu 1 kwa 33, na chupa moja kwa lita 15 ni 1 kwa 50 kamili. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili. Oili ya gari haikutengenezwa ili ichomwe. Huacha masizi na majivu juu ya pistoni na katika bomba la moshi.

Tena msidhani kwamba kuzidisha oili ni kuilinda injini maradufu. Kila tone la oili lililozidi limechukua nafasi ya tone la petroli, na petroli ikipungua, moto wa ndani huwa mkali zaidi.

KWA NINI KINANGOP SI SAWA NA PWANI

Sisi tunakaa juu sana, kiasi cha mita 2,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hapa msukumo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, injini hupata hewa kidogo, na petroli ile ile huwa nyingi kupita kiasi. Moshi huwa mweusi, plagi hulowa, na mashine huwa mvivu kama punda aliyeshiba. Dawa yake ni kuweka jeti ndogo zaidi katika kabureta, yaani kile kijipande cha shaba chenye tundu linalopitisha petroli.

Mashine ya kijana huyu ilikuwa imekwisha kuwekewa jeti ndogo na mwenyewe wa kwanza, kwa ajili ya huku juu. Jambo hilo lilikuwa sawa. Kisha kijana akaondoa kifuniko, hewa ikaongezeka. Akaweka bomba jipya, hewa ikaongezeka tena. Akateremka Naivasha, ambako ni chini kwa zaidi ya mita 500, hewa ikawa nzito kwa kiasi cha sehemu 6 katika 100. Hewa iliongezwa mara tatu, na petroli haikuongezwa hata mara moja. Injini yenye hewa nyingi na petroli chache huwaka kwa joto kali. Pistoni ikavimba, oili ikaungua, chuma kikasuguana na chuma. Fundi alipofungua plagi aliiona nyeupe kama chaki. Plagi ya injini iliyo sawa huwa na rangi ya kahawia, kama chai yenye maziwa kidogo.

Nataka wazazi walitazame jambo hili. Kijana hakuponzwa na mbio peke yake. Aliponzwa na hesabu ya kuongeza na kutoa ambayo mtoto wa darasa la nne angeiweza, kama angeonyeshwa mahali pa kuitumia.

BOMBA LENYE TUMBO

Wapo wanaodhani bomba lile ni urembo wa vijana. Sivyo. Lina historia yake, na ni historia ya akili. Katika miaka ya 1950, mhandisi wa Ujerumani Mashariki aliyeitwa Walter Kaaden, wa kiwanda cha MZ, alichunguza mawimbi ya moshi yanavyokwenda na kurudi bombani. Bomba linapopanuka, wimbi la mvuto hurudi kwenye silinda na kusaidia kuvuta moshi wa zamani. Bomba linapokuwa jembamba tena, wimbi la msukumo hurudi na kuisukuma ndani ile petroli mbichi iliyotaka kutoroka. Kufika 1961, injini yake ya sentimita 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Uswidi, akaenda Suzuki ya Japani na maarifa yale. Mwaka 1962 akashinda nao ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita 50.

Nawaambieni hayo ili mjue kwamba kubadili mashine si uhuni. Ni kazi ya ufundi. Walakini mawimbi hayo husaidia katika kiasi fulani tu cha mizunguko. Bomba la mbio huipa injini nguvu ikizunguka kasi sana, na mara nyingi huipunguzia nguvu ikizunguka polepole. Sasa jiulizeni: sisi tunapanda mlima wa matope asubuhi tukiwa na mkebe wa maziwa. Nguvu tunayoitaka iko wapi, juu au chini? Kijana alinunua nguvu asiyoihitaji, akauza ile aliyoihitaji, nami nikamkopesha fedha za kufanya biashara hiyo.

Ukitaka kubadili kwa faida, anza na meno ya cheni. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 13 na la nyuma 40. Ukiweka mbele la meno 12, mvuto huongezeka kwa kiasi cha sehemu 8 katika 100, na mbio za mwisho hupungua kwa kiasi hicho hicho. Gharama yake ni ndogo, injini haiguswi, na mlima hupandika. Kwa maoni yangu, hilo ndilo badiliko la kwanza linalomfaa mtu wa huku kwetu. Mengine, kama kuchonga matundu ya silinda, kupunguza kichwa cha injini au kuweka kabureta kubwa, ni ya mtu mwenye fundi wa kweli, kitabu, na fedha ambazo akizipoteza watoto wake hawatalala njaa.

UTUNZAJI KWANZA

Sasa nitaje kazi za utunzaji, maana mtu akizifanya hizi, mashine ya mchezo yaweza kuishi miaka mingi. Na asiyezifanya, hata jembe litamshinda.

Kichungio cha hewa. Vumbi la Naivasha ni kama msasa. Likiingia, hula ringi na silinda. Kichungio cha sponji kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikamuliwe bila kusokotwa, kikauke kabisa, kisha kipakwe oili yake. Msikioshe kwa petroli. Huyeyusha gundi, na huleta hatari ya moto.

Oili ya giya. Hii ni mbali na oili ya injini, ndiyo maana wengi huisahau. Imwagwe na kubadilishwa kwa wakati. Ukiona inapungua na moshi mweupe unazidi, jua kwamba sili ya krenki upande wa klachi imechoka na injini inainywa.

Sili ya upande wa magneto. Hii ikichoka haitoi dalili ya moshi. Huvuta hewa kwa siri, na hewa ya siri huua injini sawa na jeti ndogo. Kuipima, mafundi huziba mdomo wa kabureta na mdomo wa bomba, hutia upepo wa ratili 6 tu kwa inchi ya mraba, hutazama kipimo kwa dakika 6, na hupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Upepo ukipotea zaidi ya ratili 1 kwa dakika, kuna mwanya. Msizidishe upepo, maana sili zenyewe zitaruka. Tulipoipima injini ya kijana baada ya ajali, sili hiyo ilitoa mapovu. Kwa hiyo hata bila bomba jipya, siku yake ilikuwa inakaribia.

Mgandamizo. Kipimo cha mgandamizo chaweza kununuliwa na watu watano kwa shirika. Pima kila mwezi, injini ikiwa na moto, andika namba. Namba moja peke yake haina habari kubwa, bali namba zinazoteremka mwezi kwa mwezi zinakuambia kwamba ringi zinaisha. Ukibadili ringi mapema hutalazimika kupanua silinda.

Pistoni mpya. Silinda iliyokwaruzwa huchimbwa, na pistoni kubwa zaidi huwekwa, kwa hatua za robo milimita. Baada ya hapo usiikimbize. Iwashe ipate joto, izime ipoe kabisa, irudie, kisha iendeshe polepole kwa matangi ya kwanza bila kushikilia moto wote. Pistoni mpya ni kama ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza; haikamwi kwa pupa.

Na juu ya yote, daftari. Wakulima wengi tayari wana daftari la maziwa. Mashine nayo iwe na lake: lita za petroli, siku ya kuosha kichungio, namba ya jeti, namba ya mgandamizo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

HOFU YA WAZEE INA HAKI YAKE

Sipendi mtu aseme kwamba karani amewadharau wazee. Mashine hizi zimeumiza watu wengi, hata katika nchi zilizozianza. Huko Marekani, mwaka 1988, serikali na watengenezaji walipatana mbele ya mahakama: zile za magurudumu matatu zisiuzwe tena mpya, na zile zenye injini kubwa kuliko sentimita 90 zisiuzwe kwa matumizi ya watoto walio chini ya miaka 16. Nchi ile iliyozipenda sana nayo ilikiri kwamba si vitu vya kuchezea.

Mashine ya mchezo ya aina hii ina kiti kirefu kinachomdanganya mtu kwamba kuna nafasi ya abiria. Hakuna. Kiti ni kirefu ili dereva asogee mbele akipanda, nyuma akishuka, na kando akikata kona. Ukimweka mtoto nyuma yako, umejifunga kamba. Tena magurudumu mawili ya nyuma yameungwa kwa chuma kimoja, yanazunguka sawasawa. Katika mchanga au matope gurudumu la ndani huteleza kidogo na mashine hukata kona. Juu ya lami haliwezi kuteleza. Mashine hukataa kupinda, kisha hupinduka. Matairi yake hutiwa upepo mdogo, ratili chache tu kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo hutiwa kama 30. Yametengenezwa kwa ardhi laini. Lami si mahali pake kabisa.

Na kelele? Sehemu ya mwisho ya bomba hujazwa nyuzi za kuzuia sauti. Nyuzi hizo huchakaa na kujaa oili. Zikibadilishwa, kelele hupungua sana. Mzee aliyelalamika kuhusu ng'ombe wake alikuwa akisikia nyuzi zilizokwisha, ambazo hakuna aliyezibadilisha. Hiyo nayo ni kazi ya utunzaji.

KWA NINI NAPINGA MARUFUKU

Sasa nifike kwenye shina la maneno yangu. Tukimfukuza kijana na mashine yake, tutafukuza nini hasa? Mashine zenyewe hazitengenezwi tena. Honda iliacha TRX250R yake 1989, Suzuki iliacha LT250R yake 1992, na zile za Yamaha ziliondolewa Marekani 2006, wakati sheria mpya za moshi zilipoanza kutumika huko. Zilizobaki zitazeeka na kuisha. Lakini injini ya mipigo miwili haijaondoka shambani kwetu. Imo katika msumeno unaopasua miti yetu. Imo katika mashine nyingi za kukatia majani. Imo katika bomba la mgongoni lenye injini, lile tunalonyunyizia viazi dawa. Na mashine hizo zinakufa kwa magonjwa yale yale: oili ya kukisia, kichungio kichafu, jeti iliyoziba, sili iliyochoka. Niende nyumba ngapi nisikute bomba la injini limetupwa ghalani, mwenyewe akisema, "Liliharibika tu"?

Kijana yule, mkono wake ukiwa bado umefungwa, alikaa mezani kwangu jioni kumi na mbili tukisoma kitabu alichokuwa nacho tangu mwanzo. Alisoma yeye, nami nikaeleza maneno magumu. Alipopona alifungua injini yake mwenyewe, akabadili sili zote mbili, akapeleka silinda ikachimbwa, akaweka jeti inayofaa. Bomba lenye tumbo akaliuza, akanilipa nusu ya deni. Nusu ya pili bado naidai, na simwonei haya kuitaja hapa, maana anasoma gazeti hili.

Kisha ikaja ile wiki ya mvua na ukungu, ambapo viazi vinaweza kuungua kwa ugonjwa ndani ya siku chache. Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake limepakana na la yule mzee wa barazani, bomba lake la injini lilikataa kuwaka. Fundi wa mjini alisema aje wiki ijayo. Kijana alikwenda kwa miguu, akafungua kabureta, akatoa maji na uchafu chini yake, akaosha kichungio, akasafisha plagi, akatupa ule mchanganyiko wa zamani na kupima mpya kwa chupa ya soda. Kabla ya saa sita injini ilinguruma. Mama yule alivuna. Je, maarifa hayo aliyapata wapi? Aliyapata kwa mitamba wawili, mfupa wa bega, na jioni kumi na mbili. Tumekwisha kulipa ada yake. Itakuwa hasara kubwa tukimfukuza mwanafunzi siku aliyofaulu.

Basi naiomba kamati iweke masharti badala ya marufuku, nayo yawe matatu. La kwanza, mashine isipite barabara ya lami, isibebe abiria, wala isiendeshwe na mtoto. Na dereva avae kofia ngumu na viatu vizima. La pili, iwe na nyuzi za kuzuia sauti zilizo nzima, na isipite karibu na zizi wakati wa kukama. La tatu, kijana atumie Jumamosi moja kila mwezi katika ghala la ushirika, kuwaonyesha wakulima namna ya kuchanganya oili, kuosha kichungio na kusoma rangi ya plagi. Mimi nitaleta ubao na chaki.

Akivunja sharti, mzee asimame tena na fimbo yake, nami nitaandika maneno yake kwa furaha. Lakini akiyashika, tutakuwa tumepata fundi bila kujenga chuo.

Ndugu wakulima, skimu hii ilianzishwa na watu waliopewa ardhi wasiyoizoea, ng'ombe wasiowazoea, na mikopo ya kutisha. Wengi walisema hawataweza. Waliweza kwa sababu mtu fulani alikubali kuwafundisha badala ya kuwafukuza. Baraza lijalo nitakuwa pale pale, kwenye meza ndogo, na kalamu yangu. Uamuzi wowote utakaotolewa nitauandika kwa hati safi. Naomba tu uwe uamuzi ambao hata wajukuu wetu wakiusoma hawatauonea haya.

Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kinangop